Dini zilizozaliwa Marekani na swali la bendera: Wamormoni, Wasabato, Mashahidi wa Yehova na wengine (uzi mrefu)

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aupitie jioni akiwa ametulia.

Ukiwa Upare au Kisii, jirani Msabato ni mtu wa kawaida kabisa. Mijini, Mashahidi wa Yehova watakubishia hodi na magazeti yao mkononi. Wale vijana wanaotembea wawili wawili, shati jeupe, tai, kibandiko cha jina kifuani, ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi tunawaita Wamormoni. Zote tatu zimetoka nchi moja, na zilianza ndani ya miaka 50 hivi: Wamormoni 1830, Wasabato kuwa kanisa rasmi 1863, na jarida la Mnara wa Mlinzi 1879.

Hoja yangu ni hii. Marekani ina dini nyingine ambayo haina usajili wala mchungaji mkuu, nayo ni taifa lenyewe. Ina maandiko yake, mashahidi wake wa damu, sikukuu zake na mahekalu yake. Kila dini iliyozaliwa pale ilifika siku ikalazimika kuamua itasimamaje mbele ya ile nyingine: ipige saluti, ikatae, au idai kwamba taifa hilo ni sehemu ya mpango wa Mungu. Mtu anayesoma mafundisho ya madhehebu haya bila kuliangalia jambo hilo atashindwa kuelewa kwa nini moja linatoa wagombea urais na jingine lilipelekewa askari wenye mizinga.

Tuanzie jimbo la New York, upande wa magharibi, mbali na lile jiji. Mfereji wa Erie ulifunguliwa 1825, ukaunganisha Mto Hudson na Ziwa Erie. Watu wakamiminika kutoka Vermont na Massachusetts, wakaacha nyuma makanisa ya baba zao. Wahubiri wa uamsho walipita pale mara nyingi mno hata eneo likapewa jina la wilaya iliyoungua, kwamba moto wa Roho umeshateketeza kila kitu na hakuna kilichobaki cha kuwasha.

Kuna sababu ya kisheria pia, na naona watu huisahau. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, 1791, yalilikataza Bunge la Marekani kuanzisha dini ya dola. Majimbo yaliendelea kwa muda kutoza kodi ya kanisa, na Massachusetts ndiyo ya mwisho kuacha, mwaka 1833. Kuanzia hapo mchungaji asiye na waumini hana mshahara, na mtu mwenye maono hahitaji kibali cha askofu wala cha serikali. Anasimama uwanjani anahubiri, wakimfuata wamemfuata.

Katika mazingira hayo Joseph Smith, mtoto wa mkulima maskini wa Palmyra, akasema malaika Moroni amemwonyesha mabamba ya dhahabu yaliyofukiwa kilimani jirani na kwao. Machi 1830 Kitabu cha Mormoni kikatoka katika duka la uchapaji hapo hapo Palmyra, nakala 5,000, na mkulima mmoja, Martin Harris, akaweka shamba rehani ili mchapaji alipwe. Mwezi uliofuata kanisa likaundwa.

Angalieni kilichomo ndani. Yesu baada ya kufufuka anawatokea watu wa bara la Amerika. Sayuni itajengwa Missouri. Katika Mafundisho na Maagano, ufunuo wa 1833, Mungu anasema yeye ndiye aliyeisimamisha Katiba ya nchi hiyo kwa mikono ya watu wenye hekima aliowainua kwa kazi hiyo. Hakuna dini niijuayo iliyolipa taifa la Marekani nafasi ya juu namna hiyo katika maandiko yake.

Na taifa liliwalipa nini? Oktoba 1838 gavana wa Missouri, Lilburn Boggs, alitoa amri ya maandishi kwamba Wamormoni waangamizwe au wafukuzwe jimboni. Wakakimbilia Illinois, wakajenga mji wa Nauvoo. Mwaka 1844 Smith akagombea urais, na moja ya ahadi zake ilikuwa serikali iuze ardhi ya umma iwanunue watumwa wote wawe huru. Tarehe 27 Juni mwaka huo kundi la watu wenye silaha lilivamia jela ya Carthage alimokuwa ameshikiliwa, likamuua pamoja na kaka yake Hyrum. Brigham Young akawaongoza waliobaki hadi bonde la Salt Lake, wakafika Julai 1847. Wakati huo hapo palikuwa bado ni ardhi ya Mexico, maana yake walitoka kabisa nje ya Marekani.

Mwaka huo huo wa 1844, miezi minne baada ya Smith kuuawa, makumi ya maelfu ya watu walikaa kumngoja Yesu tarehe 22 Oktoba. Aliyewaongoza ni William Miller, mkulima Mbaptisti aliyepiga hesabu za Danieli 8:14, zile siku 2,300. Wapo waliouza mali, wapo walioacha viazi shambani bila kuvuna. Kulipokucha tarehe 23, wengi walirudi makwao wakachekwa. Wachache wakakaa na Biblia, wakasema tarehe ni sahihi ila tukio lilikuwa mbinguni. Kati yao alikuwamo msichana wa Maine ambaye hakuwa ametimiza miaka 17, Ellen Harmon, baadaye Ellen White. Kutoka kwake na wenzake tukapata Wasabato.

Kwa wanaopenda kulinganisha nyakati: mwaka huo huo mmisionari Krapf alitia nanga Mombasa.

Nitaendelea. Maswali ruksa.

#2 Mchangiaji, Morogoro

Mkuu naweka kambi hapa. Ila hiyo "dini ya taifa" fafanua. Kila nchi ina bendera na wimbo. Kwa nini kwa Wamarekani uiite dini?

#3 Mwanzisha uzi

Swali la haki. Aliyeweka jambo hili mezani ni mwanasosholojia Robert Bellah, kwenye makala ya 1967. Alichukua msamiati wa mwanafalsafa Rousseau wa 1762, dini ya uraia, akaonyesha kwamba marais wa Marekani wanapoapishwa humtaja Mungu, lakini karibu hawamtaji Yesu. Mungu huyo hana dhehebu. Yeye ndiye aliyewatoa watu Ulaya, akawavusha bahari, akawapa nchi mpya na kazi ya kufanya duniani. Ulaya ni Misri, Atlantiki ni Bahari ya Shamu, Washington ni Musa. Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaongeza kitu ambacho hadithi ya Musa haikuwa nacho: kafara.

Rais Lincoln alipigwa risasi Ijumaa Kuu, 14 Aprili 1865, akafa kesho yake asubuhi. Jumapili ya Pasaka wahubiri walipanda mimbarani na maiti ikiwa bado Washington. Unategemea wahubiri nini? Walimfananisha na Musa aliyeiona nchi ya ahadi kwa mbali, na wengine wakamfananisha na Kristo mwenyewe.

Nenda kwenye jengo lake la kumbukumbu mjini Washington. Nimepanda ngazi zile, na kitu kilichonishika ni ukimya wa watu. Hata watoto wanashusha sauti bila kuambiwa. Nguzo 36, sanamu imekaa ndani gizani kidogo, na juu ya kichwa chake wameandika kwamba katika hekalu hili, kama ilivyo katika mioyo ya watu ambao kwa ajili yao aliuokoa Muungano, kumbukumbu yake imehifadhiwa milele. Neno hekalu wameliandika wenyewe, kwenye jiwe. Ukutani upande mmoja kuna hotuba yake ya Gettysburg, upande wa pili hotuba ya kuapishwa mara ya pili.

Hiyo ya pili isomeni mkipata nafasi. Rais anasema pande zote mbili zinasoma Biblia moja na kumwomba Mungu mmoja, na huenda Mungu anataka vita viendelee mpaka kila tone la damu lililotolewa kwa mjeledi lilipwe kwa damu ya upanga. Rais aliyekaribia kushinda vita, anawaambia watu wake kwamba Mungu anawaadhibu wote. Binafsi naona hakuna mwanasiasa wa pale aliyewahi kufika kina hicho tena.

Halafu kuna Azimio la Uhuru na Katiba, karatasi zenyewe, ndani ya ukumbi wa duara wa Hifadhi ya Nyaraka. Zimefungiwa kwenye vioo visivyopitisha hewa, ndani kumejazwa gesi ya agoni zisichakae. Mwanga hafifu, watu wanapanga foleni wanainama kuzitazama maandishi yaliyofifia, wanatoka.

Na bendera. Kanuni ya bendera ya Marekani inasema kwamba bendera ni alama ya nchi iliyo hai na yenyewe ihesabiwe kuwa kitu kilicho hai. Ikichakaa haitupwi, inachomwa moto kwa heshima. Kile kiapo wanachosema watoto shuleni asubuhi kilitungwa 1892 na mchungaji wa Kibaptisti, Francis Bellamy. Maneno "chini ya Mungu" hayakuwemo. Yaliongezwa 14 Juni 1954, wakati wa kuwapinga wakomunisti wasioamini Mungu. "Kwa Mungu tunatumaini" ilianza kwenye sarafu 1864, katikati ya vita, ikawa kaulimbiu rasmi ya taifa 1956.

Nchi nyingi zina bendera, kweli. Hii ina Mungu, ahadi, dhambi ya asili ambayo ni utumwa, kafara, na wito kwa ulimwengu. Ndiyo maana naiita dini.

#4 Mchangiaji, Same

Ndugu mwanzisha uzi, mimi ni Msabato wa kuzaliwa, babu yangu alibatizwa huku milimani. Umelitendea haki tukio la 1844, nashukuru. Ila umeacha jambo linalohusu hoja yako moja kwa moja. Sisi tunafundishwa Ufunuo 13 tangu shule ya Sabato. Mnyama wa pili, anayepanda kutoka katika nchi, mwenye pembe mbili mfano wa mwana-kondoo na kunena kama joka, tunaelewa kuwa ni Marekani. Pembe mbili ni uhuru wa dini na uhuru wa kiraia. Kunena kama joka ni siku atakapolazimisha watu kuabudu. Hao Wamormoni wanaona Katiba imevuviwa, sisi tunaona mwana-kondoo atageuka.

#5 Mwanzisha uzi

Asante sana ndugu yangu, na hapo ndipo nilipokuwa naelekea. Dini mbili, mkoa mmoja, kizazi kimoja, na zimelitazama taifa hilo hilo zikaona vitu viwili tofauti kabisa.

Niongeze kwamba mafundisho hayo hayakuwa ya kinadharia. Miaka ya 1880 wakulima Wasabato kule Arkansas na Tennessee walikamatwa na kufungwa kwa kosa la kulima Jumapili. Mwaka 1888 seneta Blair akapeleka muswada wa kuifanya Jumapili siku ya mapumziko ya taifa zima. Desemba mwaka huo Msabato Alonzo T. Jones alikwenda mbele ya kamati ya Seneti kuupinga, na muswada haukupita. Sasa tazameni walivyojitetea: hawakukimbilia jangwani, wala hawakuchukua silaha. Walichukua pembe za mwana-kondoo, yaani Marekebisho ya Kwanza, wakamkumbusha mnyama kwamba bado anazo.

Na wakati wa vita vya pili, Desmond Doss, Msabato aliyekataa kushika bunduki, alikwenda Okinawa kama tabibu wa jeshi akawashusha majeruhi kutoka juu ya jabali chini ya risasi. Oktoba 1945 Truman akamvika nishani ya juu kabisa ya nchi. Mtu huyo kanisani alifundishwa Ufunuo 13 kama ulivyofundishwa wewe.

Kuhusu babu yako: Wasabato wa kwanza waliofika Upare mwaka 1903, Ehlers na Enns, walikuwa Wajerumani. Koloni lilikuwa la Kijerumani, na ujumbe wa Marekani ukaja kwa njia hiyo. Upande wa Kenya, Gendia, 1906, alikuja Carscallen kutoka Kanada akiwa na Peter Nyambo wa Malawi.

#6 Mchangiaji, Kisumu

Mashahidi je? Wao ndio wanagoma kabisa kuimba wimbo wa taifa. Nilisoma nao, walikuwa wanasimama kimya tu assembly. Walimu waliwachapa.

#7 Mwanzisha uzi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kisa chao kinanigusa kuliko vyote.

Charles Taze Russell alikuwa mfanyabiashara wa nguo eneo la Pittsburgh. Alianza na kikundi cha kusoma Biblia, na baadhi ya watu aliojifunza kwao walitokana na wafuasi wa Miller, kwa hiyo wao na Wasabato wana babu mmoja. Jina la Mashahidi wa Yehova lilikuja 1931, chini ya Joseph Rutherford. Fundisho lao ni kwamba serikali zote za dunia ziko chini ya Shetani, na utii ni wa Ufalme wa Mungu peke yake. Katika miaka ya 1930, Mashahidi wa Ujerumani walipokuwa wakipelekwa kambini kwa kukataa saluti ya Hitler, ndugu zao wa Marekani wakaanza kujiuliza kuhusu saluti ya kwao. Na kumbukeni: wakati huo watoto wa Marekani walikuwa wanaisalimu bendera kwa kunyoosha mkono mbele. Saluti hiyo ilifutwa Desemba 1942, ndipo wakaanza kuweka mkono kifuani.

Minersville, Pennsylvania, mji wa wachimba makaa ya mawe. Oktoba 1935, Billy Gobitas, miaka 10, hakuinua mkono darasani. Mwalimu akajaribu kuuinua kwa nguvu, mtoto akashikilia mfuko wake. Dada yake Lillian, miaka 12, naye akakataa. Billy akaandika barua kwa bodi ya shule kwa mwandiko wake wa kitoto, akaeleza kwamba haisalimu bendera kwa sababu ameahidi kufanya mapenzi ya Mungu, na kwamba anaipenda nchi yake ila anampenda Mungu zaidi. Wakafukuzwa. Baba yao alikuwa na duka la vyakula, nalo likasusiwa.

Kesi ikafika Mahakama ya Juu, ambako hata jina lao liliandikwa vibaya, Gobitis. Juni 1940 wakashindwa, majaji 8 kwa 1. Aliyeandika hukumu, Felix Frankfurter, alikuwa Myahudi aliyehamia kutoka Austria akiwa mtoto, na aliamini kwa moyo wote kwamba bendera ndiyo inayowaunganisha watu wa asili tofauti kama yeye. Mtu mwema, akiitetea dini ya taifa kwa dhati, dhidi ya watoto wawili.

Kilichofuata ni aibu. Siku chache baadaye, Kennebunk, Maine, Jumba la Ufalme, yaani nyumba yao ya ibada, lilichomwa moto. Richwood, West Virginia, wanaume Mashahidi walilazimishwa kunywa mafuta ya mbarika, wakafungwa kamba, wakatembezwa barabarani hadi nje ya mji. Watoto wengi walifukuzwa shule.

Miaka mitatu tu baadaye Mahakama ile ile ikajirudi. Kesi ya Barnette, kutoka West Virginia hiyo hiyo, hukumu ilisomwa 14 Juni 1943, ambayo ni Siku ya Bendera, katikati ya vita kuu. Jaji Robert Jackson aliandika kwamba hakuna afisa, mkubwa wala mdogo, mwenye mamlaka ya kuamuru kipi kiwe imani sahihi katika siasa, uzalendo au dini, wala kumlazimisha raia aikiri kwa neno au kwa tendo. Wamarekani wote leo, hata wasiopenda kuwafungulia mlango Mashahidi, wana haki hiyo kwa sababu ya watoto wa Mashahidi.

Na kwa ndugu wa Kisumu: kwetu Tanzania wanafunzi Mashahidi waliadhibiwa na baadhi kufukuzwa kwa sababu ya wimbo wa taifa. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani iliwapa haki. Kusimama kimya kwa heshima, ilisema, siyo dharau.

Wakongomani humu watakumbuka Kitawala, iliyotokana na vitabu vya Russell vilivyopitia Malawi na Zambia. Wabelgiji waliiogopa kuliko makanisa yote. Uasi wa Masisi na Lubutu, 1944, ulitoka huko. Ila hiyo inastahili uzi wake.

#8 Mchangiaji, Tanga

Sheikh hapa. Umetaja dini za Kikristo tupu. Na Nation of Islam? Hao nao wamezaliwa Marekani, Detroit kama sikosei.

#9 Mwanzisha uzi

Hujakosea, sheikh wangu. Detroit, 1930, Wallace Fard Muhammad, kisha Elijah Muhammad, mtoto wa Georgia ambaye jina lake la kwanza lilikuwa Elijah Poole. Wewe mwenyewe utakuwa shahidi kwamba mafundisho yao ya awali yalikuwa mbali na Uislamu unaoujua: kwamba Fard ni Mungu aliyekuja kwa umbo la mtu, kwamba weupe waliumbwa na mwanasayansi mwovu. Nayaelewa kama jibu. Dini ya taifa iliposema Mungu aliwatoa watu utumwani akawapa nchi hii, mtu mweusi wa Georgia alijua kwamba katika kisa hicho Marekani ni Misri na yeye ndiye aliyefungwa. Wakakataa kupiga kura, wakakataa jeshi, wakawa na bendera yao. Elijah alikaa gerezani hadi 1946 kwa mambo ya jeshi.

Malcolm X, mhubiri wao maarufu, alitoka kwenye kundi Machi 1964, akaenda hija, akarudi na Uislamu wa Sunni. Oktoba mwaka huo alikuwa Dar es Salaam akaonana na Nyerere. Februari 1965 akauawa New York.

Sasa bondia Muhammad Ali, naye wa kundi hilo. 28 Aprili 1967, Houston, jina lake linaitwa apige hatua mbele kuingia jeshini, hasogei. Wakamnyang'anya ubingwa, wakamhukumu miaka mitano, mpaka Mahakama ya Juu ilipofuta hukumu 1971. Miaka tisa baada ya hapo, Februari 1980, Rais Carter anamtuma Ali huyo huyo Afrika kuzishawishi nchi zisusie Olimpiki ya Moscow, na kituo kimojawapo ni Dar es Salaam! Mwalimu hakumpokea. Waandishi wakamuuliza Marekani ilikuwa wapi 1976, Waafrika walipoisusia Montreal kwa ajili ya ndugu zao wa Afrika Kusini, naye akakiri kwamba hilo hakuambiwa. Tanzania ikaenda Moscow, wanariadha Bayi na Nyambui wakaleta medali mbili za fedha.

Elijah alipofariki 1975, mwanawe Warith Deen Mohammed aliwaongoza wengi kwenye Sunni, akawaambia nchi ni yao, wapige kura. Februari 1992 akawa Mwislamu wa kwanza kuomba dua ya kufungua kikao cha Seneti. Louis Farrakhan, mhubiri mwingine wa kundi hilo, alikataa njia hiyo, akalifufua kundi la zamani. Familia moja ya kiroho iligawanyika, na sehemu kubwa ya ugomvi ilikuwa juu ya bendera.

#10 Mchangiaji, Morogoro

Kule mwanzo ulisema kuna waliopelekewa mizinga. Ni akina nani?

#11 Mwanzisha uzi

Walakota, wenyeji wa asili wa Marekani. Na hapa naomba mtazame mwaka mmoja tu, 1890.

Wamormoni walikuwa wamerudishwa ndani ya Marekani baada ya vita na Mexico, na tatizo lilikuwa ndoa za mitara. Sheria ya 1887 ililivunja kanisa lao kama chombo cha kisheria na kutaifisha mali zake, na Mei 1890 Mahakama ya Juu ikabariki. Mwezi wa Septemba rais wa kanisa, Wilford Woodruff, akatangaza kwamba mitara basi. Miaka sita baadaye Utah ikawa jimbo. Leo ni nadra kuona Wamarekani wazalendo kuliko Wamormoni. Kwaya yao ya Salt Lake imeimba kwenye kuapishwa kwa marais kuanzia Johnson, 1965. Walilipa, wakapokelewa.

Mwaka huo huo, dini nyingine iliyozaliwa hapo hapo ilikuwa inasambaa. Wovoka, Mpaiute wa Nevada, alipata maono siku ya kupatwa kwa jua, 1 Januari 1889: wachezeni ngoma ya duara, msipigane na mtu, wafu watarudi na nyati watarudi. Walakota waliokuwa wakifa njaa kwenye hifadhi za Dakota wakaipokea. Maofisa wakaingiwa na hofu. Kiongozi wao Sitting Bull akauawa 15 Desemba akiwa anakamatwa. Tarehe 29, Wounded Knee, askari wa Kikosi cha Saba cha farasi walikuwa wanawapokonya silaha, risasi moja ikalia, na mizinga minne ya Hotchkiss ikafunguliwa kwenye kambi yenye wanawake na watoto. Waliokufa ni zaidi ya 150. Karibu askari 20 walipewa nishani ya juu kabisa, ile ile aliyovikwa Doss.

Wovoka alikuwa na nini ambacho Joseph Smith hakuwa nacho? Wote wawili waliona maono, wote waliahidi nchi iliyorejeshwa. Kuna rangi, bila shaka. Lakini pia dini ya taifa inasema ardhi ile ilitolewa na Mungu kwa waliovuka bahari, na ngoma ya Wovoka ilisema hapana. Kwa hilo hapakuwa na cha kujadiliana. Sheria ya kulinda dini za wenyeji wa asili ilipitishwa 1978, karibu miaka 90 baadaye.

#12 Mchangiaji, Mbeya

Mimi ni wa TAG (Tanzania Assemblies of God). Wapentekoste umetusahau.

#13 Mwanzisha uzi

Sijawasahau mtumishi. Aprili 1906, Los Angeles, mtaa wa Azusa namba 312, jengo lililokuwa limegeuzwa ghala na zizi. Mhubiri ni William Seymour, mweusi, mtoto wa waliokuwa watumwa Louisiana, jicho moja halioni. Mafundisho ya kunena kwa lugha aliyapata Houston kwa mwalimu mweupe, Charles Parham, na kwa sababu ya ubaguzi alisikilizia nje ya chumba cha darasa, mlango ukiwa wazi. Azusa weusi, weupe na Wamexiko walipiga magoti pamoja, jambo lililowashtua waandishi wa magazeti kuliko hizo lugha zenyewe.

Haikudumu. Mwaka 1914, Hot Springs, Arkansas, Assemblies of God ikaundwa, karibu wote weupe. Hao ndio mizizi ya TAG yako. Roho alishuka bila kuangalia rangi, na taifa likawarudisha watu kwenye mistari yake ndani ya miaka minane. Jambo hili linaniuma kila ninapolisoma.

#14 Mchangiaji, Same

Kaka, kwa hiyo wewe unaona dini hiyo ya taifa ni sanamu tu? Sisi tungesema hivyo.

#15 Mwanzisha uzi

Hapana, na hapa tutatofautiana kidogo. Inaweza kuwa sanamu, na Richwood ilikuwa sanamu. Lakini imetoa manabii pia. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa, tarehe 5 Julai 1852 alisimama Rochester, mji wa ile ile wilaya iliyoungua, akawauliza weupe waliomwalika: Nne ya Julai inamhusu nini mtumwa? Hakulitupa Azimio la Uhuru. Aliwashika nalo. Agosti 1963 Martin Luther King alisimama kwenye ngazi za lile hekalu la Lincoln akasema Azimio ni hati ya ahadi, na watu weusi wamepewa hundi iliyorudi benki kwa kukosa fedha. Hoja hiyo ingekuwa haina nguvu kama wasikilizaji wasingeyaona yale maandishi kuwa matakatifu.

Na nikurudishie swali wewe na Wamormoni wa Nairobi, ambao tangu 2025 wana hekalu lao pale. Mkenya anayesoma Mafundisho na Maagano anakuta kwamba Mungu aliisimamisha katiba ya nchi ambayo siyo yake. Mpare anayesoma Ufunuo 13 shule ya Sabato anangoja mnyama aliyeko ng'ambo ya bahari. Shahidi wa Mbeya alishinda kesi kwa hoja iliyozaliwa Minersville. Huko kanisani kwenu, siku za somo hilo, vijana huuliza Tanzania iko wapi kwenye unabii? Na mwalimu huwajibu nini?

#16 Mchangiaji, Same

Huuliza, tena kila mwaka. Mwalimu wetu, mzee mmoja mstaafu, huwaambia unabii umetaja mataifa yaliyowatesa watakatifu, kwa hiyo tuombe Tanzania isitajwe. Vijana hawaridhiki. Sabato ijayo nitawasomea hiyo habari ya Jones na Seneti, hawajawahi kuisikia.

#17 Mwanzisha uzi

Wasomee na ya Billy Gobitas pia, ingawa siyo wa kanisa lenu.